Asiyekuwepo, na Lake Lipo

Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema, na kwenye sinia la pilau methali hiyo ina haki yake. Lakini tumeivusha mipaka. Tumeiingiza darasani, tukaiingiza na kwenye vyumba wanamoandikia miswada ya filamu, na huko imekuwa sumu. Tumewafundisha watoto wetu kwamba mhusika ni yule anayeingia, akasema, akatoka. Asiyeingia hahesabiwi. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inatunyima nusu ya utamu na zaidi ya nusu ya maana ya kazi kubwa za fasihi, zikiwemo zetu wenyewe.

Wapo wahusika wasiokanyaga jukwaa hata mara moja. Hawatamki neno, wala hakuna mwigizaji anayepangiwa nafasi yao. Wanatajwa tu. Na katika kazi iliyoandikwa na fundi, hao wanaotajwa tu ndio mara nyingi wameshika hatamu.

Nianzie mbali, Urusi. Mwaka 1901 iliigizwa Moscow kwa mara ya kwanza tamthilia ya Anton Chekhov kuhusu dada watatu, Olga, Masha na Irina, wanaoishi na kaka yao Andrei katika nyumba waliyoachiwa na marehemu baba yao. Ni sikukuu ya jina la Irina, wageni wamekuja. Mara anaingia mzee Ferapont, tarishi wa halmashauri, na keki mkononi. Imetoka kwa Protopopov. Masha anasema papo hapo kwamba mtu huyo hampendi na asialikwe. Irina anajibu kwamba hakumwalika. Mazungumzo yanageukia mengine, na keki inabaki ndani.

Tazameni sasa kazi ya mtu ambaye hatutamwona. Andrei, aliyetazamiwa kuwa profesa, anaishia kupata kazi ya ukatibu katika halmashauri ambayo mwenyekiti wake ni Protopopov. Anamwoa Natasha. Usiku mmoja wa baridi gari la farasi la Protopopov linasimama nje, na Natasha anatoka kwenda kutembezwa. Andrei anaiweka nyumba rehani benki kwa sababu ya madeni ya kamari, dada zake hawakuulizwa, na fedha anazishika mkewe. Irina anatolewa chumbani kwake ili apewe mtoto wa Natasha. Kufikia tendo la nne, dada wote watatu wako bustanini: Olga amekwishahamia shuleni, Irina anajiandaa kuondoka, Masha hataki tena kutia mguu ndani. Na ndani amekaa Protopopov na mtoto mchanga. Hatumwoni. Tunaambiwa tu kwamba yumo.

Chekhov angeweza kumleta. Angetupa kitambi, masharubu na sauti nene, tukamchukia, tukarudi makwetu tumeridhika kwamba mbaya tumemjua. Alitunyima faraja hiyo kwa makusudi. Kwa kuwa Protopopov haonekani, macho yetu yanalazimika kubaki kwa wanaoonekana: kwa Andrei aliyetia saini, kwa Natasha aliyefungua mlango, kwa dada waungwana waliolijua jambo tangu siku ya keki wakanyamaza kwa adabu. Nani Afrika Mashariki ataniambia kwamba hilo ni la Warusi tu? Kiwanja kikiporwa, mporaji haonekani. Anayekuja ni mjumbe, kisha karatasi, kisha tingatinga. Zawadi ilitangulia, kazi ya kijana wa nyumbani ikafuata. Chekhov aliuchora uporaji ulivyo, na chombo chake kikuu kilikuwa mtu asiyetokea.

Nasi tuna Adika. Francis Imbuga alichapisha *Betrayal in the City* mwaka 1976, na mwaka uliofuata Kenya ikaipeleka Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Imesomwa na vizazi vya wanafunzi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Pazia linafunguka kaburini. Doga na Nina wamekuja kwenye kaburi la mwana wao Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano. Wanataka kutimiza mila ya kunyoa nywele, jambo ambalo mzazi yeyote aliyefiwa katika jamii yao angelitimiza. Wanatokea askari wawili, Jere na Mulili, na amri kutoka juu: sherehe imefutwa, kwa ajili ya amani.

Simameni hapo. Serikali ya Kafira, nchi ya tamthilia hii, ina jeshi, ina magereza, ina wapambe wa kila rangi, na inaogopa wembe wa wazee wawili juu ya kaburi la kijana aliyekwisha kufa. Adika hasemi neno katika tamthilia nzima. Hana hata njozi ya kumtokea mama yake. Lakini mfuateni ndugu yake Jusper, ambaye akili inamruka na mikono yake inaingia damu. Mfuateni Jere, askari, ambaye dhamiri inamkaba mpaka naye anaishia gerezani. Tazameni wazazi wenyewe wanavyouawa. Tazameni mwisho, kwenye mazoezi ya mchezo ulioandaliwa kumfurahisha kiongozi mgeni (ambaye naye, angalieni, hatumwoni), Jusper anaposhika bunduki ya kweli na Mulili anaanguka. Mkono mmoja ndio unaovuta nyuzi zote hizo, nao umezikwa kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Imbuga alijua kwamba kijana aliyeuawa na dola, ukimrudisha jukwaani akahutubia, atageuka kipaza sauti cha mwandishi. Alimwacha kaburini, na kaburi likawa zito kuliko hotuba yoyote.

Mfano wa tatu hauhitaji maneno mengi, ingawa kwangu ndio unaonipa fahari zaidi. Katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, vita vya Maji Maji vinawashwa na neno la Hongo, pepo wa mtoni. Hongo tunamjua kwa kinywa cha Kinjeketile tu. Naye Kinjeketile mwenyewe anafika mahali pa kutilia shaka neno alilolipokea, hasa lile la kwamba watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said wa Unguja. Ni nani aliyesema naye majini? Tamthilia yote imesimama juu ya swali hilo. Mwongozaji atakayemvika mtu majani na rangi akamleta Hongo mbele ya hadhira atakuwa amelijibu swali ambalo Hussein alikataa kulijibu, na atakuwa ameivunja kazi nzima kwa dakika moja.

Sasa niulize: haya tunayafundisha wapi? Darasani tuna msamiati wa wahusika na tunaukariri vizuri. Mhusika mkuu, mhusika msaidizi, duara, bapa, foili. Mtihani unauliza sifa na umuhimu wa fulani na fulani, na mwanafunzi anamwaga: ni katili, ni mwenye tamaa, ni mwenye busara, anaendeleza dhamira. Anapata alama zake. Asiyetokea hana mahali katika jedwali hilo kwa sababu sifa zake haziwezi kunukuliwa kutoka kinywani mwake. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kumruka, na akizoea kumruka kitabuni atamruka na kwenye maisha: atasoma habari ya mkataba mbovu akamhesabu kila aliyepigwa picha, asiulize ni nani ambaye hakuwa pichani. Mimi siwalaumu walimu walioko kwenye madarasa ya wanafunzi 80 na kitabu kimoja kwa dawati. Nawalaumu wanaotunga miongozo na mitihani, wenye muda na meza, ambao wamekubali kusoma fasihi kuwe ni kujaza orodha.

Ugonjwa huo huo uko kwenye runinga na filamu zetu. Kila anayeandika mswada huku kwetu atakutana na swali moja kutoka kwa mwenye fedha: huyu tutamwona lini? Tajiri anayetishia kwa simu lazima tumwone kwenye kochi la ngozi na glasi mkononi. Mama aliyekimbia nyumba lazima arudi akiwa na mkoba na kilio. Hakuna siri inayoachwa ilale. Wanaita hivyo kumheshimu mtazamaji. Ni kumdharau. Ni kumwambia kwamba hana akili ya kumjenga mtu kichwani mwake, wakati ni mtoto wa watu waliokua wakisikiliza michezo ya redio wakiwaona wote bila kuwaona.

Wamarekani wamekwisha kulilipia kosa hili. Katika *Columbo*, Peter Falk aliigiza mpelelezi mwenye koti lililochakaa ambaye kutwa anamtaja mkewe. Mke wangu anapenda vitabu vyako, mke wangu hataamini nimekutana nawe. Mwuaji tajiri anamwona kuwa mtu wa ovyo, analegea, anasema zaidi ya alilokusudia. Mke yule haonekani, nasi hatuna hata hakika ni kiasi gani cha habari zake ni kweli. Huo ndio ulikuwa ufunguo wa mpelelezi. Mwaka 1979 kituo cha NBC kikaona kuna fedha imelala pale, kikampa mke huyo tamthilia yake mwenyewe na kumkabidhi nafasi hiyo Kate Mulgrew. Waliomwumba Columbo hawakulitaka jambo hilo. Jina la kipindi likabadilishwa, likabadilishwa tena, mpaka wakamvua mama yule jina la Columbo lenyewe. Vipindi 13, wakafunga. Hakuna kosa la mwigizaji hapo. Mwanamke aliyeishi kwenye vichwa vya watazamaji kwa miaka hakuweza kulingana na mwili wa mtu yeyote yule.

Alfred Hitchcock alijua zaidi. Riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938 ina jina la mwanamke aliyekwisha kufa, Rebecca, huku mke mpya anayetusimulia hana jina hata la kuazima. Hitchcock alipoitengeneza filamu mwaka 1940 alifika mahali ambapo mume anasimulia usiku wa kifo. Kila mtayarishaji wa sasa angeturudisha nyuma, angetafuta mrembo wa kumwigiza marehemu. Hitchcock hakumtafuta mtu. Mume anasimulia, na kamera inaanza kutembea peke yake ndani ya kile kijumba cha ufukweni: inakaa pale Rebecca alipokuwa amekaa, inainuka alipoinuka, inasogea alikosogea, na mbele yake hakuna mtu. Nywele zinasimama. Filamu ile ilipata Oscar ya filamu bora ya mwaka, na Rebecca hajawahi kuonyesha uso.

Nitaambiwa: hayo ni ya wasomi, watu wetu wanataka kuona. Ni hoja ya kale na haijawahi kuwa ya kweli. Tarehe 19 Novemba 1957 kundi la waigizaji kutoka San Francisco liliingia gereza la San Quentin, California, na tamthilia ya Samuel Beckett kuhusu watu wawili wanaomngoja Godot, ambaye hafiki. Wasomi wa miji mikubwa walikuwa wamechoshwa nayo na kutoka katikati. Wafungwa wapatao 1,400 waliisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa kungoja walikujua. Mmoja wao, Rick Cluchey, mfungwa wa maisha, hakuruhusiwa hata kufika ukumbini. Aliisikia akiwa amefungiwa selo, kwa kipaza sauti. Yeye hakuona mtu yeyote jukwaani, wachilia mbali Godot. Baadaye alianzisha kikundi cha maigizo humo gerezani, na alipotoka alikuja kufanya kazi na Beckett mwenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda California. Pwani yetu imelea sanaa hii muda wote. Mwanamke ananunua kanga kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa juu yake, anaivaa, anapita nayo mbele ya mlango fulani, na mtaa mzima unajua ujumbe umemwendea nani ingawa jina halimo. Taarabu imejengwa juu ya mtu asiyetajwa jina: hasimu, mpenzi, jirani mfitini. Hadhira inasimama kutunza kwa sababu kila mmoja anamweka wake pale palipoachwa wazi. Watu wenye ufundi huo wa mafumbo ndio tunaowaambia hawawezi kuelewa mhusika asiyetokea?

Hata hivyo sitetei kila kutokuwepo. Upo mwingine ambao ni dhuluma, na anayeutetea wa kwanza bila kuupinga wa pili hajasoma vizuri. Mwaka 1969, ule ule wa *Kinjeketile*, Mwalimu Nyerere alitupatia *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare. Humo wamo wanawake wawili wanaotajwa tu. Wa kwanza ni Leah, marehemu mke wa mkopeshaji Shylock. Binti yao Jessica ametoroka na mali ya baba yake, na rafiki wa baba, Tubal, analeta habari kwamba binti ameitoa pete ya feruzi kwa kubadilishana na kima. Shylock anaumia. Pete ile alipewa na Leah kabla hajaoa. Basi, Leah hatajwi tena. Lakini kwa pumzi ile moja yule tuliyeambiwa ni mashine ya kuhesabia fedha anakuwa mjane aliyependa, na haitawezekana kumcheka kwa raha kama mwanzo.

Wa pili hana jina. Lorenzo, aliyetoroka na Jessica, anamwambia mtumishi Launcelot kwamba yeye Launcelot amempa mimba mwanamke mweusi. Launcelot anajibu kwa kuchezea maneno, watu wanatarajiwa kucheka, na Lorenzo anaendelea kuulizia chakula. Mwanamke mweusi, mja mzito, katika nyumba ya matajiri, mistari michache, kicheko, kisha chakula cha jioni. Huyu hakufichwa ili atawale tamthilia. Alifichwa kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ana la kusema.

Tofauti ya Leah na mwanamke huyu ndiyo kipimo changu. Je, kutokuwepo kwake kunawabadilisha waliopo, au kunawapa tu cha kuchekea? Na je, ni nani anayemsimulia? Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, mama yake Caliban, Sycorax, mzaliwa wa Aljeria aliyetupwa kisiwani akiwa na mimba, anaitwa mchawi na kila uovu. Anayetupa sifa hizo kwa wingi ni Prospero, ambaye hakuwahi kumwona. Sycorax alikuwa amekufa kabla Prospero hajafika. Prospero ndiye aliyekitwaa kisiwa ambacho mwana wa Sycorax anakidai kuwa ni urithi wa mama yake. Mporaji anatusimulia habari za mwenye mali, nasi tumezipokea kwa karne nne.

Dawa yake ni nini? Wengi watasema: mleteni Sycorax jukwaani, ajitetee. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alipoiandika upya tamthilia hiyo, tena mwaka ule ule wa 1969, hakufanya hivyo. Alimwacha Sycorax asionekane na akabadilisha kinywa. Caliban wake anasimama mbele ya Prospero akakataa katakata kwamba mama amekufa. Kwake yeye yu hai ndani ya ardhi yenyewe. Sycorax hajapata hata mstari mmoja wa kusema, na Prospero hana tena usingizi. Hivyo ndivyo mwandishi mkubwa anavyorekebisha dhuluma ya mwandishi mkubwa.

Ndiyo maana nawaomba waandishi wetu wa tamthilia na wa filamu wakatae. Mwenye fedha akiuliza tutamwona lini, jibu ni kwamba hatutamwona, na mswada usitiwe saini mpaka akubali. Nawaomba wanaotunga miongozo waache kuwatupa nje ya sura ya wahusika watu waliobeba kazi nzima. Na nawaomba watunzi wa mitihani, Nairobi na Dar es Salaam, wajaribu mwaka mmoja tu: waulize swali la alama 20 kuhusu Adika, na alama hizo wazitoe kwa mwanafunzi atakayeeleza kwa nini Imbuga hakumtoa kaburini.